Sewa Haji ya bibi ilikuwa wapi? Kufuatilia hospitali iliyokwisha kuvunjwa

SWALI: "Shikamoo. Mama yangu alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1938. Marehemu bibi alikuwa akisema siku zote kwamba alijifungulia 'Sewa Haji, hospitali ya wazazi'. Nilipokwenda Muhimbili nikaonyeshwa jengo la Sewa Haji, nikafurahi, nikapiga na picha. Baadaye mzee mmoja akaniambia nimepiga picha ya kitu kingine kabisa, kwamba Sewa Haji ya zamani ilikuwa mjini upande wa stesheni na ilishavunjwa. Sasa nimekwama. Hospitali hiyo ilikuwa ipi, nani aliijenga, ilivunjwa lini, na daftari la kina mama waliojifungulia pale liko wapi? Nianzie wapi?" – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mzee kasema kweli, na picha yako usiifute, maana nayo ina kazi yake. Sewa Haji ni mbili. Ya kwanza ilikuwa hospitali nzima, mjini, karibu na stesheni ya Reli ya Kati. Ya pili ni jengo la wodi ndani ya Muhimbili, jirani na Kibasila na Mwaisela, lililopewa jina hilo ili kumbukumbu ya ile ya kwanza isipotee. Mama yako aliyezaliwa mwaka 1938 hawezi kuwa amezaliwa kwenye jengo ulilopiga picha. Wakati huo Muhimbili haijawa hospitali. Ile hospitali kubwa mpya ya Muhimbili ilikuja katika miaka ya 1950, ikaitwa Princess Margaret, kwa jina la yule binti wa kifalme wa Uingereza aliyezuru Tanganyika mwaka 1956. Baada ya uhuru ndipo ikashika jina la Muhimbili.

Kwa hiyo tunaifuata ile ya mjini. Kabla ya hapo nikuonye jambo moja linalowachelewesha wengi: watu huitafuta hospitali iliyovunjwa katika karatasi za waganga tu. Waganga waliandika habari za wagonjwa. Siku wagonjwa walipohamishwa, nao wakaacha kuandika. Habari za kuvunjwa kwa jengo ziko kwa watu wengine: mafundi wa serikali, watu wa ardhi, watu wa reli. Ukiligawa swali lako mapema, hili la tiba huku na lile la jengo kule, utaokoa muda mwingi.

Tuanze na mwenye jina. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara Mhindi mzaliwa wa Zanzibar aliyekuwa na ngome yake Bagamoyo. Kazi yake kubwa ilikuwa misafara: alitafuta wapagazi, alikopesha bidhaa, shanga, nguo na nyaya, na aliwapa mahitaji Wazungu waliokuwa wakielekea bara. Stanley, yule mwandishi wa habari Mzungu, alipokuwa Bagamoyo mwaka 1871 akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, alifanya naye biashara ya wapagazi na akaandika malalamiko marefu juu ya kijana huyo, akimwita "Soor Hadji Palloo". Baadaye Sewa Haji akatajirika sana, akawa mtoaji. Mwaka 1896 aliikabidhi serikali ya Kijerumani jengo la shule pale Bagamoyo, kwa sharti kwamba watoto wasibaguliwe kwa rangi wala dini. Hospitali ya Dar es Salaam ilitokana na mali yake pia. Alifariki Zanzibar mwezi Februari 1897, akiwa na miaka arobaini na kitu tu.

Nimekutajia ule mwandiko wa Stanley kwa sababu. Ukienda kutafuta kwenye orodha za nyaraka ukaandika "Sewa Haji" peke yake, utakosa nusu ya vitu. Wajerumani waliandika "Sewa Hadji". Waingereza waliandika "Sewa Haji", "Sewahaji" kwa kuunganisha, na mara nyingine wakaacha jina kabisa wakaandika "Native Hospital, Dar es Salaam". Andika zote kwenye daftari lako kabla hujatoka nyumbani. Na uwe macho: jina hilo utalikuta pia katika karatasi za Bagamoyo, kwa hiyo hakikisha kila unachonakili kinasema mji gani.

Sasa, bibi alisema "hospitali ya wazazi". Hapo twende polepole. Sewa Haji ya mjini haikuwa hospitali ya wazazi peke yake. Ilikuwa hospitali ya serikali ya Waafrika na Wahindi, ya kila aina ya ugonjwa. Dar es Salaam ya ukoloni ilipangwa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na hospitali nazo zilifuata mstari huohuo. Wazungu walikuwa na hospitali yao ufukweni, Ocean Road, iliyomalizika kujengwa mwaka 1897. Robert Koch mwenyewe, yule daktari Mjerumani mtafiti wa magonjwa, alikuwepo mjini wakati huo akichunguza malaria. Mwafrika au Mhindi wa mwaka 1938 akilazwa hospitali ya serikali, hakulazwa Ocean Road.

Kwa nini basi familia inasema "ya wazazi"? Nadhani najua, maana nimeona jambo hili kwa familia nyingi za Dar. Baada ya uhuru Ocean Road ikageuka kuwa mahali pa kujifungulia kwa watu wote, na kizazi kizima cha watoto wa mjini wa miaka ya 1960 na 1970 kimezaliwa pale, kabla hapajawa pa wagonjwa wa saratani. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road yenyewe ilianzishwa kisheria mwaka 1996. Kama mama yako ana wadogo zake waliozaliwa miaka hiyo, au kama shangazi zako walijifungulia Ocean Road, basi maneno "hospitali ya wazazi" yanaweza kuwa yametoka huko yakahamia kwenye habari ya mwaka 1938. Bibi hakusema uongo. Kumbukumbu za uzazi mmoja huingia kwenye za mwingine, hasa zinaposimuliwa na watoto na wajukuu. Muulize mama yako, au ndugu yake yeyote aliye hai, swali hili peke yake: bibi alisema "ya wazazi" kwa kinywa chake, au ninyi ndio mliongeza?

Na kuna uwezekano wa tatu ambao usiukatae kwa hasira. Mwaka 1938 kina mama wengi wa Kiafrika mjini Dar walijifungulia nyumbani, na mkunga wa mtaani, na wengine walifika hospitali baada ya mtoto kuzaliwa tu, ama kwa homa, ama kwa kitovu kisichokauka, ama kwa sababu uchungu ulikuwa mrefu na mkunga akashindwa. Mwanamke aliyelazwa Sewa Haji siku tatu baada ya kuzaa nyumbani atasema maisha yake yote kwamba "nilimzalia Sewa Haji", na sidhani kama ana kosa. Swali la kumsaidia mtu kukumbuka si "mlizaliwa wapi?" Uliza: nani alimpeleka, kwa miguu au kwa gari? Alilala huko usiku ngapi? Nani alimpelekea chakula, na alitoka mtaa gani? Nani alimwogesha mtoto mara ya kwanza? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayokuonyesha kama uzazi wenyewe ulitokea wodini.

Tuingie kwenye karatasi. Mahali pa kwanza pa kwenda si Nyaraka za Taifa, ingawa wengi hukimbilia huko. Anzia maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, kwenye mkusanyo wa East Africana, yaani wa machapisho ya Afrika Mashariki. Huko omba ripoti za mwaka za Idara ya Tiba ya Tanganyika za kipindi cha Mwingereza. Ni vitabu vilivyochapwa na Mpiga Chapa wa Serikali, vina maneno machache na majedwali mengi. Fungua mwaka 1938, kisha 1937 na 1939, maana hesabu za mwaka mmoja huweza kuwa na dosari ambayo mwaka wa pili unaisahihisha. Utafute jedwali la hospitali za serikali: wagonjwa waliolazwa wamegawanywa kwa rangi, Wazungu, Waasia, Waafrika, kisha waliofariki. Pekua pia maelezo ya sehemu ya uzazi na watoto. Ukiikuta Sewa Haji imetajwa na idadi ya waliojifungua, umethibitisha jambo moja kubwa, kwamba mwaka huo kina mama walipokelewa hapo kwa ajili ya kuzaa. Usipoikuta, soma tena taratibu, kwa sababu wakati mwingine uzazi umewekwa chini ya kliniki na si chini ya hospitali. Kliniki ya Mnazi Mmoja ni mojawapo ya kuangalia.

Hapohapo omba Blue Book za Tanganyika, zile za takwimu za kila mwaka za serikali. Zinachosha macho lakini zina sehemu ya hospitali, na faida yake ni kwamba aliyezijaza alitakiwa kujibu maswali yaleyale kila mwaka. Hospitali ikitoweka kwenye orodha, utaona mwaka gani imetoweka. Kuna pia ripoti ambazo Uingereza ilitakiwa kuzipeleka Geneva kila mwaka kwa Umoja wa Mataifa wa zamani, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na baada ya vita zikapelekwa Umoja wa Mataifa wa sasa. Nyingi za Geneva zinasomeka kwenye mtandao bure. Mara nyingine wajumbe wa ile kamati ya udhamini walimuuliza mwakilishi wa Uingereza maswali makali kuhusu afya ya wenyeji, na majibu yake yana habari ambazo ripoti za Dar zilizimeza.

Usiyaache magazeti. Mambo Leo lilianza mwaka 1923, la serikali, kwa Kiswahili. Tanganyika Standard lilianza mwaka 1930, kwa Kiingereza, likiandika zaidi habari za wakubwa. Kwetu la Erica Fiah lilianza mwaka 1937, gazeti la Mwafrika mwenyewe, karibu kabisa na mwaka wa mama yako. Mimi ningeanza na Kwetu. Gazeti la serikali linakuambia hospitali imepata vitanda. Gazeti la raia linakuambia watu wanasema nini kuhusu vitanda hivyo.

Baada ya hapo nenda Nyaraka za Taifa, Upanga, mtaa wa Vijibweni. Sheria inayoongoza ni ya mwaka 2002, na kwa kawaida nyaraka za serikali hufunguliwa baada ya miaka 30, kwa hiyo za 1938 na za 1956 hazina kizuizi hicho. Karatasi zenye habari za mgonjwa mmoja mmoja zinaweza kuwekewa masharti zaidi. Beba kitambulisho na barua ya utambulisho inayoeleza unachotafuta, penseli badala ya kalamu ya wino, na uvumilivu. Usiende dirishani ukasema "nataka historia ya Sewa Haji". Mhifadhi nyaraka hana jalada lenye jina hilo la "historia". Ana majalada ya sekretarieti ya kikoloni, ya idara ya tiba, ya idara ya ujenzi, ya jimbo na ya wilaya. Omba orodha za hayo matano, ukae uzisome mwenyewe. Kichwa cha jalada unachokitaka huenda kikawa "Hospitali: Dar es Salaam: Mpya", kwa Kiingereza, na habari zote za kufungwa kwa ile ya zamani zikawa ndani, kwa sababu kila aliyetaka hospitali mpya alibidi aeleze ile iliyopo ina ubaya gani.

Hapo ndipo penye utamu. Jalada la sekretarieti limekaa hivi: karatasi za maoni ya maofisa upande mmoja, barua zenye namba upande mwingine, vimefungwa pamoja kwa kamba fupi yenye vyuma viwili vya ncha. Nakala za kaboni ziko kwenye karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, kwa hiyo geuza kwa mikono miwili. Anza na maoni, usianze na barua. Barua ni yale waliyokubaliana kuyasema. Maoni ndimo walimogombana: daktari anasema wodi imejaa, mtu wa fedha anasema hakuna bajeti, mwingine kaandika kwa mkono pembeni kwamba eneo lile ni bora lipewe idara nyingine. Kila ofisa kaweka sahihi fupi na tarehe. Nakili tarehe zote, hata za yale unayoona hayana maana. Na chini ya kila nukuu andika namba ya jalada na namba ya karatasi, siku hiyohiyo. Nimeona watafiti wazima, wenye shahada zao, wakilia miaka miwili baadaye kwa kukosa namba moja tu.

Utaona mambo ambayo hayatakupendeza, nikwambie mapema. Lugha ya majalada hayo kuhusu Waafrika ni ya dharau, na wakati mwingine dharau yenyewe ndiyo sababu ya hospitali kuachwa ichakae. Nakili kama ilivyo. Usiisafishe.

Kuhusu kuvunjwa. Unauliza "lini", lakini hospitali haina tarehe moja ya kufa. Kuna siku wagonjwa walipohamishwa, kuna siku jina lilipohamishwa, kuna kipindi majengo yalipotumika kwa kazi nyingine, na kuna siku sururu ilipoingia. Baina ya ya kwanza na ya mwisho inaweza kupita miaka. Kuzaliwa kwake ni hivyohivyo: simulizi nyingine zinaianzisha katika miaka ya 1890, nyingine zinaianzisha mwaka 1910, na anayesoma anadhani mmoja kadanganya. Huenda mmoja anahesabu tangu fedha zilipotolewa na mwingine tangu majengo fulani yalipofunguliwa au utawala ulipobadilika. Katika daftari lako fungua ukurasa kwa kila tukio, usiyabane kwenye mstari mmoja.

Njia ya kuibana tarehe ya kuvunjwa ni hii. Upande mmoja, tafuta ushahidi wa mwisho kwamba jengo lipo: ripoti ya tiba ya mwisho inayolitaja, ramani ya mwisho inayolichora, picha ya mwisho. Upande wa pili, tafuta ushahidi wa kwanza kwamba halipo. Jibu liko katikati, na kila karatasi mpya unayoipata inapunguza nafasi hiyo. Ripoti za Idara ya Ujenzi za katikati na mwisho wa miaka ya 1950 ndizo za kufukuzia, kwa sababu mafundi hujivunia wanachojenga na huandika gharama ya wanachobomoa. Gazeti la Serikali, lile la matangazo rasmi na si Mambo Leo, nalo huwa na matangazo ya zabuni na ya ardhi.

Ramani utazipata Idara ya Upimaji na Ramani, wizara ya ardhi. Omba ramani za mji za zamani na picha za angani. Kurugenzi ya Uingereza ya upimaji wa makoloni iliundwa mwaka 1946, ikapiga picha za angani sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na mkusanyo wake leo uko Edinburgh, kwenye hifadhi ya taifa ya picha za angani ya Scotland. Picha moja ya angani ya mji ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikilinganishwa na moja ya miaka ya 1960 itakuonyesha paa la hospitali likiwepo, kisha halipo. Hakuna simulizi ya mzee inayoweza kubishana na hilo.

Ukiwa na ramani mkononi, kumbuka kwamba mitaa imebadilishwa majina. Acacia Avenue ikawa Independence Avenue, kisha Samora. Kichwele ikawa Uhuru. Pugu Road ikawa Barabara ya Nyerere. City Drive ikawa Sokoine Drive. Mzee akikuambia "ilikuwa ukitoka Acacia unakata kushoto", anakuelekeza kwenye mji wa enzi yake, nawe tafsiri. Eneo la stesheni hasa limepitia mengi: reli ilianza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, ikafika kwenu Morogoro mwaka 1907, ikafika Kigoma mwaka 1914, na kila kizazi kimepanua, kimevunja, kimejenga tena, mpaka hii reli ya kisasa ya juzi, SGR. Usitegemee kusimama mahali ukasema "mlango ulikuwa hapa" bila kuwa na ramani mbili zilizolazwa moja juu ya nyingine.

Na kwa sababu pale ni jirani na reli, weka akilini kwamba tangu mwaka 1948 reli ya Tanganyika iliendeshwa pamoja na ya Kenya na Uganda chini ya shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, makao makuu Nairobi. Kama sehemu ya kiwanja ilipewa reli, barua zake zinaweza kuwa zimelala Nairobi. Watu wa Dar hawafikirii kutafuta hospitali yao Kenya.

Ujerumani na Uingereza nitazipitia haraka, maana huhitaji kupanda ndege. Karatasi za Ofisi ya Makoloni ya Kijerumani ziko Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani, Berlin, kwenye fungu R 1001, na sehemu kubwa imewekwa mtandaoni. Karatasi za Kijerumani zilizobaki Dar ziko Upanga, ila zile za mwandiko wa mkono zimeandikwa kwa herufi za kale ambazo hata Mjerumani wa leo hazisomi bila kujifunza. Chuo Kikuu cha Frankfurt kina mkusanyo wa picha za makoloni unaotazamika bure. Andika "Daressalam" kwa neno moja, kama walivyoliandika wao, kisha "Hospital" au "Sewa Hadji". Kwa Uingereza, Hifadhi ya Taifa ya Kew, London, ina barua za Tanganyika kwenye fungu CO 691 na picha kwenye CO 1069. Za 1938 huenda usizihitaji kabisa, ila picha zitazame.

Nimeliacha daftari la wazazi mwisho makusudi, kwa sababu ndilo unalolitaka zaidi na ndilo lenye matumaini madogo. Madaftari ya wodi hayakuhesabiwa kuwa nyaraka za kudumu. Yalijazwa, yakawekwa stoo, na hospitali ilipohama yakabaki nyuma, au yakafuata wagonjwa kwenye sanduku ambalo baada ya miaka kadhaa hakuna aliyejua lina nini. Hata likipatikana, tarajia mstari mmoja: tarehe, jina la mama, pengine jina la mume, jinsia ya mtoto, na alama ya hai au la. Jina la mtoto hutalikuta, maana watoto wetu hawakupewa jina siku hiyo. Kwa hiyo ukipeleka maombi yako idara ya kumbukumbu ya Muhimbili, na uyapeleke kwa maandishi, uliza kwa jina la bibi, tena kwa majina yake yote: la utotoni, la mume, la dini, la ukoo.

Cheti cha kuzaliwa nacho usikitegemee. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo, Sura ya 108, ilikuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini Mwafrika hakulazimishwa kusajili, na wengi hawakusajili. Kwa Wahindi na Wazungu ilikuwa lazima. Kwa hiyo mtoto wa Kihindi aliyezaliwa Sewa Haji mwaka 1938 anaweza kuwa na rekodi nzuri kabisa, na mtoto wa Kiafrika wa kitanda cha jirani asiwe nayo. Hata hivyo nenda RITA, wanaosajili vizazi na vifo, ukaombe upekuzi. Ni wakala tangu mwaka 2006, lakini wamerithi vitabu vya Kabidhi Wasii Mkuu, ofisi iliyowatangulia, vya miaka mingi nyuma. Mama yako akiwa na cheti alichokata ukubwani, angalia tarehe ya usajili na si tarehe ya kuzaliwa tu. Cheti kilichokatwa mwaka 1975 kwa maelezo ya bibi ni maelezo ya bibi yaliyopigwa muhuri, na hayathibitishi kitu kipya kuhusu hospitali.

Kama familia ni ya Kikristo, kitabu cha ubatizo kina thamani kuliko cheti cha namna hiyo, kwa kuwa padre aliandika wakati ule ule. Kitakupa tarehe na majina ya wazazi wa ubatizo, na hao wazazi wa ubatizo wana watoto na wajukuu ambao huenda wana picha au simulizi. Kama familia ni ya Kiislamu, uliza arubaini ilifanyikia nyumba ya nani. Nyumba hiyo itakuambia bibi alikuwa akiishi mtaa gani wakati ule, na mtaa unakuambia hospitali au kliniki gani ilikuwa karibu kwa mwanamke mwenye uchungu.

Kwa hiyo utaratibu wangu ungekuwa huu: wiki hii zungumza na mama yako na ndugu zake, umrekodi kwenye simu kwa ridhaa yake, maana karatasi za Upanga zitasubiri lakini yeye ana miaka mingi. Halafu Mlimani kwa ripoti zilizochapwa. Halafu ramani. Upanga uende ukiwa tayari na miaka na majina ya idara, usiende mikono mitupu. RITA na Muhimbili uwaandikie barua mapema kabisa, wakati unaendelea na mengine, kwa sababu majibu huchukua muda.

Na kwenye kitabu cha familia, mpaka utakapopata zaidi, andika hivi: "Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1938. Kwa maelezo ya mama yake mzazi, Hospitali ya Sewa Haji, ile ya mjini karibu na stesheni. Haijathibitishwa kwa maandishi." Chini yake weka ile picha yako ya Muhimbili, na maneno: "Jengo lililochukua jina, si hospitali yenyewe."